Kapasita imepasuka chumbani: je, moshi ule ni sumu, na usafi ufanyweje?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Tulinunua kompyuta ya mezani iliyotumika. Nilipoichomeka tu, hata kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwashia, ilipasuka kwa kishindo kama fataki, nyuma ukatoka moshi mweupe mzito na chumba kikajaa harufu ya samaki aliyeoza. Mume wangu aliichomoa, akafungua madirisha. Leo ni siku ya tatu na harufu bado ipo. Ndani ya lile boksi la umeme tunaona vijikaratasi, vipande vya rangi ya fedha na majimaji ya kahawia. Hicho ndicho chumba anacholala mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu, nami nina pumu. Je, tumevuta sumu? Tusafishe vipi? Na linaweza kutengenezwa?

JIBU: Dada, poleni kwa mshtuko. Kama mpaka leo hakuna anayekohoa, kubanwa kifua wala kuishiwa pumzi, moshi mlioupumua kwa dakika chache hauna sababu ya kuwaletea madhara baadaye. Kinachostahili wasiwasi sasa ni majimaji na vile vijikaratasi, maana mtoto wa umri huo kila anachokigusa hukipeleka mdomoni. Harufu naiweka nafasi ya tatu, ingawa najua ndiyo inayowakosesha usingizi.

Kwa maelezo yako, kilichopasuka ni kapasita moja au mbili kubwa za pawa saplai (lile boksi la umeme), yale makopo ya aluminiamu yanayohifadhi umeme wa volti nyingi. Kabla ya lolote, tazameni nyuma ya boksi hilo kama kuna kitelezi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Pawa saplai nyingi za zamani zinacho. Kikiwa kwenye 115, saketi huongeza volti maradufu. Umeme wa volti 230 hufika kilele cha volti 325 hivi, na katika hali hiyo kila kopo hupelekewa hizo 325 ilhali limeundwa kuvumilia 200. Majimaji ya ndani huchemka, shinikizo hupanda, na ile mistari iliyochongwa juu ya kopo hupasuka, kwani imewekwa pale makusudi ili kopo lifunguke juu badala ya kulipuka ovyo. Kapasita hizo huanza kujaa mara tu waya unapochomekwa, ndiyo maana haikusubiri uiwashe. Mkikikuta kitelezi kwenye 230, au hakipo kabisa, basi kapasita zilikuwa zimechoka au umeme uliruka. Usafi ni ule ule.

Rangi ya moshi nayo ina lake la kusema. Mweupe unaotoka kwa kishindo kimoja na kukoma ni mvuke wa majimaji ya kapasita zaidi kuliko moshi wa kitu kuungua. Moshi wa kijivu au mweusi unaoendelea kufuka ni plastiki, gundi ya bodi (kile kibao kinachobeba vipande vya saketi) au ganda la waya, na huo ni mbaya zaidi. Bodi nyingi hutiwa kemikali za bromini ili zisishike moto, na zikiungua hutoa gesi ya asidi. Waya wenye ganda la plastiki ya PVC nao hutoa gesi ya hidrojeni kloridi. Gesi hizi huchoma macho na koo, na zikikutana na unyevu hugeuka asidi inayokula shaba polepole kwa wiki kadhaa baada ya tukio. Wenu ulikuwa mweupe.

Sasa hayo majimaji. Kwenye kapasita za volti nyingi, mara nyingi ni glaikoli ya ethilini, kile kile kinachotiwa kwenye rejeta za magari, pamoja na chumvi za amonia na borati. Kapasita za volti ndogo zinaweza kuwa na viyeyushi vingine, na baadhi ya zile za zamani zina viyeyushi vinavyopenya ngozi na kuumiza ini, kwa hiyo usiguse majimaji yoyote ya kapasita kwa mkono mtupu. Harufu ya samaki inatokana na amini, kemikali za ukoo wa amonia. Pua ya binadamu huzinusa zikiwa kiasi kidogo sana, chini mno ya kiwango kinachodhuru. Ndiyo maana harufu inaweza kukaa wiki nzima bila kuwa hatari, na kinyume chake pia ni kweli: kaboni monoksidi haina harufu kabisa. Pua haipimi sumu.

Tupige hesabu ya kiasi. Kopo la ukubwa huo lina mililita chache tu za majimaji. Tuseme gramu 3 zote zimegeuka mvuke (hazigeuki zote, nyingi hubaki zimeloa kwenye karatasi). Katika chumba cha mita za ujazo 30, yaani mita 3 kwa 4 na dari ya mita 2.5, hiyo ni miligramu 100 kwa kila mita ya ujazo. Kiasi hicho kinatosha kuwasha koo na kuamsha pumu. Lakini hewa ya chumba ikibadilika mara 6 kwa saa, jambo ambalo madirisha mawili yanayotazamana na feni hulifanya kwa urahisi, baada ya nusu saa hubaki asilimia 5 hivi, na baada ya saa nzima robo ya asilimia moja. Siku ya tatu, mnachonusa hakitoki kwenye hewa ya siku ile. Kinatoka kwenye pawa saplai yenyewe kama bado imo chumbani, na kwenye mapazia, godoro na mazulia yaliyonyonya mvuke.

Kuhusu afya, dada mwenye pumu anahitaji tahadhari zaidi ya wengine. Usishiriki kusafisha, na dawa yako ya kuvuta iwe karibu. Macho kuwasha, koo kukauka na kikohozi cha saa chache ni kawaida baada ya moshi wa aina hii. Si kawaida kifua kubana, kupiga filimbi wakati wa kupumua, kikohozi kuendelea zaidi ya siku moja, au mtoto kupumua harakaharaka. Hapo nendeni hospitali na mseme ni kitu gani kilichoungua. Baadhi ya gesi zinazowasha hujaza maji kwenye mapafu baada ya saa 24, hata 48, mtu akiwa tayari amedhani yamekwisha. Mtoto akiwahi kulamba majimaji hayo, hata kidogo, msingoje dalili, mpelekeni hospitali. Glaikoli ina utamu, na madhara yake kwa figo huja baada ya saa nyingi. Yakimwingia mtu jichoni, suuza kwa maji yanayotiririka dakika 15 bila kukatisha.

Kazi ya kwanza, basi, ni kutoa kompyuta chumbani. Mtoto alale kwingine mpaka usafi uishe. Feni iwekwe dirishani ikipuliza kuelekea nje. Ikipuliza ndani huzungusha tu kile kile.

USAFI WA CHUMBA

Anzeni nyuma ya kompyuta, si mbele. Matundu ya hewa ya pawa saplai yako nyuma, kwa hiyo ukuta, sakafu na waya za upande huo ndivyo vilivyorushiwa zaidi. Anayesafisha avae glavu za nitraili na miwani ya kukinga macho. Barakoa ya FFP2 au N95 huzuia vumbi na vijikaratasi, lakini gesi na harufu hupita humo kama kawaida. Kwa gesi kinga ni dirisha wazi, au barakoa yenye kichujio cha mkaa wa kemikali kwa mwenye nayo.

Msifagie kavu. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi pia haifai, kwa sababu chembe ndogo hutokea upande wa pili zikaruka chumba kizima. Yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa hata chembe ndogo sana, inafaa. Vijikaratasi na vipande vya foili viokotwe kwa kitambaa kibichi na kutiwa moja kwa moja kwenye mfuko wa plastiki. Kisha futeni kutoka juu kwenda chini kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, na maji yabadilishwe yakianza kuchafuka. Glaikoli na chumvi zake huyeyuka vizuri kwenye maji, kwa hiyo hakuna haja ya kemikali kali.

Baada ya hapo, harufu ya samaki ikibaki kwenye meza, sakafu au ukuta unaoweza kuoshwa, pitisheni siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, subirini dakika 10, kisha suuzeni. Asidi ya siki hushikana na amini na kuzigeuza chumvi isiyoruka hewani, kwa hiyo harufu huondoka kikweli badala ya kufunikwa. Siki isifike kwenye bodi za kompyuta, vyuma vilivyo wazi wala marumaru. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo msiiguse kabisa katika kazi hii: ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia au amini hutoa gesi nyingine mbaya kwa mapafu. Mtakuwa mmejitengenezea sumu kubwa kuliko ile ya kapasita. Manukato na uvumba ni kuongeza moshi juu ya moshi. Mashine za ozoni zinazotangazwa kuondoa harufu nazo si za kuziamini, maana ozoni yenyewe hushambulia mapafu, hasa ya mwenye pumu.

Mashuka, mapazia na nguo zifuliwe kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyoruhusu. Godoro na mito ya sponji vianikwe juani siku mbili au tatu. Midoli migumu ioshwe kwa sabuni. Midoli ya manyoya iliyokuwa karibu na kompyuta ifuliwe, na isiyofulika itupwe.

JE, ITENGENEZWE?

Maoni yangu, hapana. Pawa saplai ya kawaida ya kompyuta iliyopasuka hivi itupwe na kununuliwa nyingine. Volti iliyozidi haiui kapasita peke yake. Mara nyingi vipande vingine vya saketi, yaani fyuzi, daraja la daiodi, varista na transista za kuswichi, hufuata, na mtu asiyezoea saketi za umeme mkubwa anaweza kuuawa na kapasita iliyobaki na chaji. Kompyuta yenyewe ina nafasi nzuri ya kuwa salama, kwa kuwa kishindo kilitokea upande wa umeme mkubwa kabla haijawashwa. Ikaguliwe, ipanguswe, ifungwe pawa saplai nyingine, na kitelezi, kama kipo, kithibitishwe kabla ya kuchomeka.

Ila wapo wasomaji ambao kilichoungua kwao ni bodi ya kikuza sauti, mashine ya kulehemu au kifaa cha hospitali kisichopatikana tena. Hao nawaeleza namna ya kusafisha bodi.

Chomoa waya ukutani, subiri dakika 10, na hata hivyo usiamini. Pima kila kapasita kubwa kwa mita upande wa DC. Ikiwa na volti zaidi ya 10, itoe chaji kwa rezista (kipande kinachozuia umeme usipite kwa kasi) ya waya ya kiloomu 2.2, wati 10, yenye mikono ya plastiki. Kapasita ya mikrofaradi 220 iliyojaa volti 325 ina takriban jouli 12 na itaisha ndani ya sekunde 3, lakini shikilia 10 kisha pima tena. Bisibisi la kuunganisha miguu kwa cheche huharibu kapasita na kurusha chuma kilichoyeyuka machoni. Maikrowevu ni habari nyingine: kapasita yake hufanya kazi kwenye maelfu ya volti, mwachie anayezijua.

Piga picha bodi ilivyo, kisha ng'oa kapasita iliyopasuka. Usisafishe kuizunguka tu, kwani majimaji hupenya chini yake na kubaki huko yakila njia za shaba. Pasi ya kulehemu ikigusa mabaki hayo moshi wa kuudhi hutoka, kwa hiyo feni ndogo ivute hewa mbali na uso wako. Watu wengi huogopa mvuke wa risasi hapa. Kwenye joto la kulehemu, nyuzi 350 hivi, risasi haitoi mvuke wa kujali. Moshi unaouona ni wa flaksi, ile dawa inayosaidia risasi kushika. Risasi huingia mwilini kwa njia ya mikono michafu, kwa hiyo nawa kwa sabuni kabla ya kula au kuvuta sigara.

Osho la kwanza liwe maji, si alkoholi. Wengi hukimbilia alkoholi ya isopropili, wanapata utando mweupe na hawajui umetoka wapi. Alkoholi huondoa glaikoli lakini chumvi za borati huziacha, ikizitawanya tu. Tumia maji yaliyosafishwa kwa mvuke (yale ya kuongezea betri ya gari, si asidi yake), ya uvuguvugu, yenye tone moja la sabuni ya vyombo, na mswaki laini. Suuza mara mbili kwa maji yale yale yasiyo na sabuni. Mwisho mimina alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 ili ifukuze maji kwenye mianya. Spiriti ya dukani mara nyingi ina mafuta au rangi na huacha utando. Alkoholi hii hushika moto hata kwenye joto la nyuzi 12, kwa hiyo pasi ya kulehemu iwe imezimwa na kupoa. Transfoma, relei, swichi zilizo wazi na feni visitiwe maji. Futa kwa pamba yenye alkoholi.

Kama kulikuwa na moshi mweusi, kuna asidi juu ya bodi. Ioshe ndani ya siku moja au mbili, na ukichelewa ihifadhi kwenye hewa kavu, unyevu chini ya asilimia 40. Koroga kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti ya soda kwenye nusu lita ya maji, pitisha kwa mswaki kwa dakika moja, kisha suuza vizuri sana, maana bikaboneti ikibaki nayo hupitisha umeme. Kausha bodi saa 24 mbele ya feni, au saa 3 kwenye joto la nyuzi 50.

Panapobaki weusi usiofutika, hapo si uchafu tena. Gundi ya bodi imegeuka kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Ukiiacha, siku utakapowasha itapata moto, iungue zaidi, ipitishe zaidi, mpaka bodi itobolewe. Kwangua kwa kisu kikali mpaka uone rangi halisi ya nyuzi za kioo, huku sehemu ikiwa mbichi ili vumbi la kioo lisiruke, kisha jaza epoksi isiyolainika kwa joto. Mita ya kawaida hupima kwa volti chache tu na inaweza kukuambia pako safi wakati sivyo. Kipimo cha kuaminika ni cha insulesheni (uwezo wa kuzuia umeme usivuje) cha volti 500, vipande vya silikoni, yaani transista, daiodi na chipu, vikiwa vimeondolewa. Ikiwa weusi umeingia kwenye ule mwanya wa milimita 6 hadi 8 unaotenga umeme wa ukutani na upande wa kuguswa, tupa bodi. Hapo siwezi kumshauri mtu yeyote abahatishe. Kagua pia gundi ya manjano inayoshikilia vipande vikubwa. Ikiwa imegeuka kahawia na kukauka, ikwangue yote, kwani ikizeeka hupitisha umeme na kula miguu ya vipande.

Washa kwa mara ya kwanza kupitia balbu ya waya (ile ya zamani inayopata moto), ya wati 60 hadi 100, iliyounganishwa mfululizo na kifaa. Ikiwaka sana kwa nusu sekunde kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikibaki inawaka kwa nguvu, bado kuna shoti. Balbu ya LED haifanyi kazi hii.

VITU VYA KUTOGUSA

Yote niliyosema ni kwa vipande vya kawaida. Vichache haviko katika kundi hilo. Kapasita na balasta za taa zilizotengenezwa kabla ya 1980 zinaweza kuwa na mafuta ya PCB (kemikali za klorini zenye sumu), ambayo Marekani ilipiga marufuku kuyatengeneza mwaka 1979 na Mkataba wa Stockholm wa 2001 ukayaweka kwenye orodha yake ya kemikali za kukomeshwa. Yakiungua hutoa furani na dioksini, ambazo ni sumu kali. Ukiona mafuta yanavuja kwenye kitu cha enzi hizo, usifute kwa kitambaa cha jikoni ukakifua. Funga kila kitu kwenye plastiki mara mbili na uulize mamlaka ya mazingira pa kupeleka.

Redio na chaja za katikati ya karne iliyopita huwa na rektifaya (kigeuza umeme wa AC kuwa DC) ya seleniamu, rundo la vibamba vya mraba vilivyopangwa kwenye mhimili mmoja. Ikiungua hunuka kama kabichi iliyooza au vitunguu saumu, na moshi wake ni sumu kweli. Toka kwanza, zima kwenye swichi kuu, rudi hewa ikishabadilika.

Transista za visambaza mawimbi na baadhi ya magnetroni (kipande kinachotoa mawimbi ndani ya maikrowevu) zina kauri ya oksidi ya beriliamu. Ikiwa nzima haina neno. Ikivunjika, vumbi lake likivutwa huharibu mapafu kwa kudumu, kwa hiyo hakuna kukwangua, kupiga msasa wala kufagia.

Betri ya lithiamu iliyofuka moshi hutoa hidrojeni floridi na inaweza kuwaka tena baada ya saa nyingi. Ipelekwe nje, mbali na kitu kinachoungua. Majimaji yake yakigusa ngozi, osha kwa maji mengi na uende hospitali hata kama huhisi maumivu, kwa kuwa maumivu ya floridi huchelewa.

Pawa saplai yenu, dada, itieni kwenye mfuko mzito pamoja na glavu, vitambaa na vijikaratasi, mfunge na kuandika juu yake kilichomo, kisha ipelekwe panapopokelewa taka za kielektroniki. Isichomwe pamoja na takataka, na isikae ndani mkiisubiri siku ya kuipeleka. Mkiitoa leo na kufua mapazia, harufu itapungua sana ndani ya siku mbili au tatu. Isipopungua, kagueni nyuma ya meza na chini ya kitanda, kuna vijikaratasi mlivyoviacha.